Mwaka wa Kisanduku cha Tatu

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule lilikuwa hili: mtu akisema kweli kwa sababu wewe ulimwambia kweli itamlinda, kisha kweli hiyo ikamnyang'anya riziki, kosa ni la nani? Nililigeuza kila upande. Nilijiambia kosa ni la waliotunga sheria. Kisha nikajiambia ni la aliyenifundisha kazi, kisha la bei ya kobalti, kisha la mwanamume mmoja aliyeondoka bila kuaga. Kila jibu lilikuwa na akili ndani yake, na hakuna hata moja lililoniwezesha kufumba macho. Miaka imepita, na bado napima sentensi mara tatu kabla ya kuitamka, hata ninaponunua mkate. Lakini swali lile nililijibu mwishowe. Nililijibu nimechelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakonifanya niandike.

Kilichonirudisha huko ni kifo cha Tata Kasongo, karani mzee niliyefanya naye kazi katika ofisi ya kodi za mji, hapa Kolwezi. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kilio chake. Turubai lilifungwa kati ya nyumba mbili, viti vya plastiki vikapangwa, na akina mama waliokuwa wakisonga bukari, ugali wetu, walikuwa wakiongea kwa sauti ile ya msibani, nusu huzuni nusu mzaha. Mmoja wao alinitazama muda mrefu, mwiko mkononi. Akasema, "Si weye njo mamzel ule alikata safari ya bwana zetu?" Mamzel, binti asiyeolewa, ndilo jina nililoitwa mitaani. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikainama kana kwamba natafuta kitu kwenye mkoba, kisha nikatoka kwenda kusimama nyuma ya ukuta.

Kicheko kile kina historia. Katika mitaa yetu, mwanamume akienda kutafuta kazi Lubudi, au Mutshatsha, au ng'ambo ya mpaka, na asirudi, hakuna anayesema kwamba amemtelekeza mkewe. Wanasema yuko safarini. Mtoto aliyeachwa akitambaa anaingia shule ya msingi, na baba yake bado yuko safarini. Koti lake linabaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukiuliza habari zake unaambiwa alituma salamu juzi, na wewe unaitikia kwamba ni vizuri. Hakuna anayeamini, ila neno hilo linamsitiri mama mbele ya wakwe, mbele ya mwenye nyumba, mbele ya watu wa parokia. Tata Kasongo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Miaka yote aliyojaza fomu za mji, penye nafasi ya mume aliandika "safarini", akapiga muhuri, na mama akaondoka na karte yake ya nusu kodi. Karte hiyo ilimruhusu mwenye watoto wengi kulipa nusu tu ya kodi ya kibanda chake sokoni. Kwa wengi, nusu hiyo ndiyo iliyowafanya wabaki na kibanda.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria Lubumbashi, na diploma yangu ilikaa ndani ya bahasha ya plastiki niliyoibeba kila mahali kama mtu anayeogopa kuulizwa. Ofisi ilinichukua kuwa wakala wa muda: kupita nyumba kwa nyumba, kujaza fomu mpya za kaya. Mwisho wa mkataba ningepewa cheti cha kazi, na bila cheti hicho hakuna ofisi ingenitazama mara ya pili. Chumba chetu kilikuwa na kabati moja la chuma lililogoma kufungwa, meza mbili, na dirisha lililotazama barabara ya malori ya madini. Tulifunika mashine ya kuchapa kwa kitambaa cha kanga, lakini vumbi jekundu liliingia hata hivyo, likakaa juu ya chai ya Tata Kasongo kama utando. Yeye aliipuliza pembeni, akanywa, akachovya kitumbua.

Bei ya kobalti ilikuwa imeanguka. Hazina ya mji ilikauka, na neno la mwaka lilikuwa kubana matumizi. Fomu mpya zilikuwa na visanduku vitatu: aliyeoa au kuolewa, mjane, na asiye na mwenzi. Siku ya mafunzo, shefu wetu, mkuu wa ofisi, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alituambia, "Kaze ya tatu ni ya bamama banalea batoto peke yao. Serikali inataka kubajua, juu ya kubalinda." Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Kwa mtu kama mimi, anayeteswa na kila neno lisilo sahihi, yalikuwa faraja. Hatimaye fomu ilitaka kujua jinsi watu wanavyoishi kweli. Tata Kasongo alinitazama nikipiga mstari.

"Mamzel, weye andika safari tu. Safari haina na bubaya."

"Tata, safari si hali ya ndoa."

"Ee. Na masomo yako ni mingi," akasema, akarudi kwenye kitumbua chake.

Mama Ilunga aliuza kapenta, dagaa wakavu, na mafuta ya mawese katika kibanda cha bati sokoni, na aliishi na watoto wake wanne katika vyumba viwili nyuma ya barabara ya reli. Nilifika kwake saa sita mchana. Alikataa nitoe kalamu kabla ya kunawa, akaniwekea bukari, sombe ya majani ya muhogo na kapenta chache alizozikaanga mpaka zikavunjika mdomoni. Chumba kilikuwa safi kupita kiasi: ndoo mbili zimefunikwa, madaftari ya shule yamepangwa kwa ukubwa, koti la kiume la rangi ya kahawia kwenye msumari. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akitwanga, na kinu chake kilitoa mdundo uleule tulipokuwa tukila.

"Bwana iko, mama?"

"Iko mu safari."

"Tangu lini?"

"Mamzel, weye unauliza kama polisi. Kula kwanza, sombe inapoa."

Nilipomaliza kula nilimweleza kisanduku cha tatu. Nilieleza kwa bidii, kwa mifano, kama mwalimu. Alisikiliza huku akifuta meza iliyokuwa tayari kavu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na kama mi nasema kweli, karte yangu inabakia?" Nikasema, "Inabaki, mama. Tena itakuwa na nguvu zaidi." Hakuna aliyeniagiza kuongeza sentensi ile ya pili. Niliiongeza kwa sababu ilipendeza.

"Basi andika," akasema, na safari hii hakupunguza sauti. "Bwana alitukimbia. Iko Lubudi, na bibi mwingine. Ni mwaka ya sita."

Kinu cha jirani kikanyamaza. Mama Ilunga akatazama ukuta ule, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. "Twanga tu, Mama Kabwe! Ulikuwa unajua!" Kutoka upande wa pili ikaja sauti: "Nilikuwa najua, lakini nilikuwa nangojea weye useme!" Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta. Nilipokuwa naaga, Mama Ilunga alikuwa amekwisha kuliteremsha koti, analikunja kwa ajili ya mto wa mtoto wake wa mwisho. Jioni ya siku hiyo habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima, na kuanzia kesho yake wanawake waliniita wenyewe. Mmoja baada ya mwingine, Mama Kabwe akiwa wa kwanza, walisema kweli. Nilitia alama kisanduku cha tatu mpaka kidole kikaota sugu, na nilijivuna, sina haja ya kuficha. Nilidhani ninawaondolea watu aibu.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wetu miezi miwili baadaye. Nusu kodi ingetolewa kwa mkuu wa kaya aliyeandikwa kuwa na ndoa, au mwenye cheti cha kifo cha mwenzake. Kwa sababu ya hali ngumu ya hazina, aliyekuwa katika kisanduku cha tatu angehesabiwa mtu mmoja asiye na wategemezi. Nililisoma nimesimama, watu wakinipita. Waliosema uongo kwa msaada wa Tata Kasongo miaka ya nyuma, na ambao sikuwahi kuwafikia, walibaki na karte zao. Wajane walibaki na zao, nami sikuwaonea wivu. Waliopoteza ni wale walioniamini. Nimefikiria sana tangu wakati ule kuhusu haki katika kodi, na wasomi wanaweza kuipima kwa namna nyingi. Mimi najua tu kwamba mji ulikuwa unatafuta mahali pa kubana, na mimi ndiye niliyeuonyesha, nyumba kwa nyumba, watu wasio na mume wa kwenda kugonga mlango wa ofisi kwa niaba yao.

Mawakala wa soko wakafunga vibanda vya walioshindwa kulipa kodi nzima, na cha Mama Ilunga pia, kwa waya na muhuri wa risasi, mizani na kapenta zikiwa ndani. Alikuja ofisini na karatasi ya ilani. Hakupiga kelele. Aliiweka mbele yangu, akailainisha kwa kiganja.

"Mamzel, soma tena. Pengine ulisoma mubaya."

Nikaisoma tena, kwa sauti.

"Batoto yangu beko wapi mu hii papie?"

Nilipitisha kidole mstari kwa mstari. Hawakuwapo. Mtu mmoja, iliandikwa, bila wategemezi. Tata Kasongo alijifanya anatafuta kitu ndani ya kabati.

Nilikwenda kwa shefu siku ileile. Hakukasirika, na ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Akanieleza kwamba mlalamikaji ana siku thelathini tangu ilani zitolewe, na kwamba fomu inaweza kufunguliwa upya kwa njia moja tu: wakala aliyeijaza aandike na kusaini kwamba alimwelekeza mtu vibaya. "Lakini unajua," akasema, akitazama kalamu zake, "wakala mwenye kukosea, mi siwezi kumupa cheti ya kazi. Hata mi nikitaka." Nilimkumbusha alichosema siku ya mafunzo. Akasema naye aliambiwa hivyo, na kwa sura yake nadhani ilikuwa kweli. Basi lilikuwa jambo wazi: saini yangu kwa kibanda chake. Mtu mwingine angesaini pale pale. Mimi nilikwenda nyumbani kuandika hoja za pande zote mbili.

Tata Kasongo alikuja na njia yake. Ndugu wa mume akishuhudia kwa saini kwamba kaka yake yuko safarini, yeye angebadilisha fomu kimyakimya. Nilishika wazo hilo kama mtu anayezama. Tulimtumia ujumbe shemeji yake Mama Ilunga, akaja kutoka Kasaji kwa pikipiki, shingo imejaa vumbi. Tukaketi katika kile chumba cha madaftari. Alikula vizuri, akasifu sombe, akajifuta vidole kimoja kimoja, kisha akasema angesaini, ila kibanda kiandikwe kwa jina la familia ya mume.

"Kibanda ni yangu," Mama Ilunga akasema. "Nilikinunua miaka mbili nyuma ya yeye kukimbia."

"Shemeji, ni papie tu. Na mukubwa wangu, haiko mutu mubaya. Hata batoto anabakumbuka. Kule Lubudi, ku kazi yake, aliandikisha batoto bote ine. Banamupunguzia kodi juu yabo."

Alilisema kama habari njema, kama mtu anayekuletea salamu. Ilichukua muda mpaka maana yake ikae chumbani. Watoto waliokosekana kwenye karatasi ya mama yao walikuwepo kwenye karatasi ya baba yao, wameandikwa vizuri kwa majina, wanampunguzia makato ya mshahara. Mama Ilunga akakusanya sahani.

"Kwa hiyo batoto beko ku mushahara yake, na midomo yao iko kwangu."

"Shemeji..."

"Kunywa maji, baba. Njia ya Kasaji ni mulefu." Kisha akanigeukia, na sikuwahi kumwona mkali hivyo. "Nawe sikia. Mi nilisema mbele ya Mama Kabwe na mbele ya mtaa muzima. Siwezi kurudia kuwa bibi ya mutu anakula jina ya batoto yangu. Papie yako, itengeneze weye."

Nikasema nitashughulikia. Neno hilo nililisema kwa wiki tatu. Kila asubuhi nilianza barua na kila mchana niliichana. Nilijiuliza kama neno "kosa" lingenifunga kisheria maisha yangu yote. Kama ningesaini kwa mmoja, haki ya wengine iko wapi. Na kama ningesaini kwa wote, nani angeamini kwamba mtu mmoja alikosea mara nyingi hivyo kwa nia njema. Nilisubiri shefu apate huruma. Nilisubiri bei ipande. Nilitumia akili yangu yote kubaki pale nilipokuwa. Nilipompita Mama Ilunga nilimsalimu kwa haraka, kama mtu mwenye shughuli zake.

Kibanda kilifunguliwa siku thelathini zikiwa bado hazijaisha. Mfanyabiashara mmoja aliyekitaka muda mrefu alilipa kodi nzima na malimbikizo, na mawakala wakamkabidhi kibanda. Hakuna sheria iliyowaruhusu, wala hakukuwa na mtu wa kuwauliza. Kapenta zilizooza zilimwagwa kando ya barabara, na kwa siku mbili mbwa walizigombania. Nilimkuta Mama Ilunga amekaa chini karibu na kituo cha malori, beseni mbele yake, akipepea vumbi kwa kipande cha katoni. Wateja walipuliza samaki kabla ya kununua. Nilichutama, nikaanza kusema jinsi nilivyosikitika.

"Kila siku unasema unashughulika," akanikatiza. "Mi nakuona unafikiri. Unafikiri muzuri kabisa, mpaka uso inakonda. Lakini kufikiri haiko kazi, mamzel. Inuka, unanifungia wateja."

Niseme sasa mambo yalivyoishia, ili mtu asisome mbele akitumaini. Mama Ilunga hakurudishiwa kibanda. Karte ya nusu kodi aliipata baadaye sana, wakati hakuwa tena na kibanda cha kulipia. Wanawake wengine wa mtaa, ambao vibanda vyao vilikuwa bado vimefungwa na muhuri, wengi wao walifunguliwa, si wote. Mama Kabwe alifunguliwa. Mimi nilikaa karibu miaka miwili bila kazi ya maana, nikifundisha Kifaransa watoto wa watu. Sidhani kwamba hesabu hiyo inalingana, wala sijaribu tena kuilinganisha.

Nilipotoka kwenye beseni lile, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba sasa barua haina faida tena. Kibanda kimekwenda, kusaini kungekuwa kujiumiza bure. Wazo hilo lilikuja laini, likanituliza, na utulivu ule ndio ulioniogopesha. Nikatambua kwamba kwa wiki tatu nilikuwa nangojea kitu hicho hasa, siku ambayo ingekuwa nimechelewa, ili nisilazimike kuchagua. Zilibaki siku mbili. Majina mengine yote ya kisanduku cha tatu yalikuwa bado ndani ya kabati lisilofungika.

Mchana, wengine walipokwenda kula, nilitoa fomu zote nilizojaza mwenyewe, nikaanza kuandika, barua moja kwa ajili ya kila mwanamke. Sikuandika kwamba waume zao wako safarini. Niliandika kwamba mimi, wakala, nilimwambia huyu mama, kwa jina lake, kwamba kusema kweli kusingempunguzia haki yake. Kwamba alijibu kwa sababu ya ahadi hiyo. Kwamba anawalea watoto wafuatao, na nikaorodhesha majina yao. Na kwamba ahadi ilikuwa ya uongo na ilitoka kinywani mwangu. Ya Mama Ilunga niliiandika kwanza, nikaongeza chini kwamba kibanda chake kilitolewa kabla ya siku kutimia. Tata Kasongo alirudi mapema, akasimama nyuma yangu, akasoma mbili tatu huku anapumua kwa pua.

"Unajua nini unafanya?"

"Sijui, Tata."

"Basi saini mbio, mbele ya kuanza kujua."

Akavuta kiti, akanifungulia kopo la wino, na kila niliposaini yeye aliikausha kwa karatasi na kuiweka pembeni. Mkono ulipouma nilibadilisha namna ya kushika kalamu.

Saa tisa nilizibeba zote mpaka dirisha la malalamiko, ghorofa ya chini. Karani wa pale, msichana wa rika langu, aliutazama mzigo ule na kusema niuache, angeupa shefu. Nikasema hapana, ninataka muhuri wa kupokelewa juu ya kila nakala, pamoja na tarehe. "Bote hii?" akauliza. "Yote," nikasema. "Na jina ya mwenye kukosea ni nani?" Nikamwambia jina langu kamili, herufi kwa herufi, akaliandika kitabuni. Nyuma yangu foleni ilianza kunung'unika. Akapiga muhuri wa kwanza, wa Mama Ilunga, akanirudishia nakala. Nikamsogezea ya pili.